Redio ya jamii isikike usiku wa giza ziwani

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hukosa nguvu ya kuwavuta na mitumbwi mingi hupumzika mwaloni, yaani pwani inapoegeshwa. Dhoruba za ziwani nazo hupenda usiku: nchi kavu ikipoa, upepo huelekea kwenye maji yaliyobaki na joto, hewa hupanda na mawingu ya radi hujengeka. Kwa hiyo saa ambazo mvuvi wa Ukerewe, Kome au Igombe anaihitaji zaidi redio yake ndizo saa ambazo mtangazaji wa kujitolea amechoka na umeme unaweza kukatika. Kituo kipangwe kuanzia saa hizo, mchana ufuate.

Anzeni na zamu. Ratiba ya juma haiwafai watu wa mwaloni. Pangeni kwa mwezi wa angani. Siku za mbalamwezi watangazaji wavuvi wako nyumbani, basi warekodi vipindi vya akiba. Giza likirudi, zamu za usiku zishikwe na walimu, mafundi, wachuuzi. Wanawake wanaoanika dagaa msiwape asubuhi, maana ndipo mzigo unapofika. Kila zamu iwe na watu wawili, isizidi muda wa saa tatu, na anayepokea afike dakika 15 kabla. Daftari la zamu liandikwe saa, kipindi, matangazo yaliyosomwa, hitilafu na sahihi. Malalamiko yakifika TCRA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia mawasiliano na utangazaji, daftari hilo ndilo litakaloonyesha kilichosomwa na nani. Nauli ya bodaboda ya usiku ilipwe na kituo. Kujitolea si kujigharamia, na wengi huacha kimyakimya kwa sababu hiyo tu.

Utabiri wa hali ya hewa uchukuliwe Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), kamwe si ujumbe uliosambazwa kwenye makundi ya simu. Usomwe saa kumi alasiri, kabla mitumbwi haijasukumwa majini, kisha urudiwe saa kumi na mbili jioni. Tajeni eneo, kasi ya upepo, kimo cha mawimbi na muda ambao utabiri unahusu, bila kupunguza makali. Utabiri wa jana uliobaki mezani uchanwe, maana ukisomwa kwa bahati mbaya unaweza kumpeleka mtu kwenye dhoruba. Msomaji akae sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki, kidogo pembeni ili pumzi isipige, na mshale wa mikisa (mashine ya kuchanganya na kupima sauti) usiingie kwenye nyekundu: sauti iliyokwaruza haieleweki kabisa kwenye redio ndogo yenye mngurumo wa injini karibu.

Kuhusu umbali, vituo vingi hukimbilia kununua transmita (mtambo wa kurushia matangazo) kubwa. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kimo ndicho kinachoamua. Antena iliyo mita 30 juu ya usawa wa maji humfikia mvuvi aliye kilomita 27 hivi. Ikiwa mita 60, kilomita 36. Ikiwekwa juu ya kilima, mita 120 juu ya maji, hukaribia kilomita 49. Kuongeza wati maradufu hakuusogezi upeo huo.

Sasa umeme. Transmita ya wati 100 pamoja na mikisa, kompyuta na taa hula kama wati 350. Betri mbili za risasi za volti 12, Ah (ampea-saa) 200 kila moja, hubeba Wh (wati-saa) 4,800, lakini zitumieni nusu tu zisife mapema. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, mnapata umeme wa muda wa saa tano na nusu hivi. Kutoka saa moja jioni hadi alfajiri zinahitajika betri nne, na paneli za sola zisizopungua wati 1,300 kuzijaza tena siku inayofuata. Msichanganye betri kuukuu na mpya. Kuukuu huinyonya mpya hadi zote zichoke.

Radi ndiyo huua vituo vya ufukweni, na kosa kubwa ni athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) mbili: moja ya mnara, nyingine ya studio, zisizounganishwa. Radi ikipiga, volti hutofautiana baina yake na tofauti hiyo hupita ndani ya mikisa. Ziunganisheni kwa mkanda wa shaba. Miamba ya Mwanza haiingiliki kwa kijiti kimoja, kwa hiyo zikeni waya wa shaba kuuzunguka mnara, na vijiti kadhaa palipo na unyevu, mpaka kipimo cha ukinzani wa athi kishuke chini ya omu 10. Kebo ya antena ipindwe kuelekea chini kabla ya kuingia ukutani, maji yadondokee nje.

Kila baada ya mvua kubwa, someni nguvu inayorudi kwenye transmita kutoka kwenye antena. Wati moja au mbili kati ya 100 si tatizo. Zikizidi tano, yaelekea maji yameingia kwenye kiungio cha kebo: punguzeni nguvu mara moja, mwiteni fundi akifungue, akikaushe au akibadilishe, na akifunge upya kwa utepe wa mpira.