Mshahara "Aliowekewa" Dada wa Kazi

Sikukuu za mwisho wa mwaka zikipita, malalamiko ya kazi za nyumbani huwa ni yaleyale. Dada alikwenda kwao Krismasi, hakurudi. Sasa anadai mishahara ya miezi minane ambayo mama mwenye nyumba "alimwekea".

Tunaelewa nia. Binti ni mdogo, mjini mgeni, na mama anaogopa fedha zitaliwa na wajanja. Lakini hakuna sheria inayomruhusu mwajiri kumshikia mtu mshahara wake ili asiondoke. Mshahara hulipwa siku mliyopatana, akipenda kuweka akiba ataweka mwenyewe. Miezi minane isiyo na karatasi, siku ya kuachana, huzaa hesabu mbili: ya kwako na ya kwake.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, saa, mshahara, tarehe ya kuanza na mengineyo. Swali tunalochoka kulijibu ni "Hata wa nyumbani?" Ndiyo, hata wa nyumbani. Pasipokuwa na maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichopatana unakuangukia wewe mwajiri. Yeye akisema mshahara ni shilingi 100,000 nawe ukasema 60,000, wewe ndiye utakayedaiwa ushahidi. Wengine hutuambia waliongea mbele ya shangazi yake. Shangazi huyo yuko upande gani?

Maandishi hayo hutibu pia ugomvi wa majukumu. Aliyechukuliwa kulea mtoto hujikuta anafulia mashemeji waliokuja kusalimia wakakaa wiki tatu. Akinuna, anaitwa jeuri.

Kuhusu kiwango, Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, iliweka 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa anayerudi kwake jioni. Viwango hurekebishwa, hivyo soma amri inayotumika siku unapoajiri.

Pasi ikiunguza gauni, usikate tu mshahara. Kifungu cha 28 cha Sheria hiyo ya Ajira kinataka mfanyakazi akubali kwa maandishi, kosa liwe lake na lilitokea kazini, aelezwe na apewe nafasi ya kujitetea, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Masharti hayo yote yatimie kwa pamoja, si uchague moja.

Dada naye ana wajibu. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kabla ya kuacha kazi, au siku 7 kama bado yumo katika mwezi wa kwanza. Kutoroka alfajiri na begi si notisi. Mwajiri anayemwachisha kazi anafungwa na siku hizohizo.

Mkishindwana, mlalamikaji hujaza fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, humkabidhi mlalamikiwa nakala, kisha huiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba nakala imepokelewa. Mgogoro wa kuachishwa kazi ufike ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ikiwamo ya mishahara, ndani ya siku 60. Ukichelewa, unaomba kwanza kuongezewa muda, na sababu ziwe za maana. "Nilikuwa namsubiri atulie" haijawahi kutushawishi.

Na tusisahau umri. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, hata mzazi wake akikuomba kwa machozi. Adhabu ya anayemwajiri ni faini isiyozidi shilingi 5,000,000, kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili.

Karatasi moja ya Kiswahili inatosha. Muweke sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala, na mwajiri aitunze yake miaka mitano baada ya kuachana. Kama binti hajui kusoma, sheria inataka aelezwe kwa namna anayoielewa. Atafute mtu anayemwamini amsomee, si mwanao wa darasa la sita.