"Set" haishikilii tena rekodi ya maana nyingi

Bado utasikia watu wakisema kwa uhakika kabisa kwamba neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote ni "set". Zamani ilikuwa kweli. Katika toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, la mwaka 1989, hakuna neno lililopewa maelezo marefu kuliko hilo, na maana zake zilitajwa kuwa 430.

Wahariri walipoipitia kamusi upya, "run" ikaipiku. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa kitenzi hicho kina maana 645. Mhariri Peter Gilliver alikishughulikia kwa miezi tisa, na sishangai. Mwanariadha anakimbia, mto unatiririka, pua inachuruzika makamasi, rangi ya nguo inachuja, mgombea anawania kiti, meneja anaendesha kampuni, injini inanguruma. Kiingereza kinatumia "run" kwa yote hayo. Ukiifuatisha na "out", unazungumzia kuishiwa. Weka "into", na huenda umekutana na mtu bila kutarajia, au umegonga ukuta.

Ila hizo 645 zisichukuliwe kama idadi ya mayai kwenye trei. Injini kufanya kazi na programu ya kompyuta kufanya kazi, hiyo ni maana moja au mbili? Mhariri ndiye huamua. Kamusi ndogo huzikusanya maana zinazokaribiana, hivyo neno lilelile hubaki na maana chache tu.