Wahopi hawachezi na mataji ya manyoya ya tai

Wengi wakisikia ngoma ya Wahopi wa Arizona, Marekani, huwaza taji kubwa la manyoya ya tai linaloshuka mgongoni. Lile ni vazi la makabila ya nyanda za majani, wawinda nyati. Wahopi ni wakulima wa mahindi katika nchi kame, na vazi la ngoma zao za katsina, yaani roho zinazoleta mvua, linaomba mvua.

Kiunoni mchezaji hufunga msuli mfupi mweupe wa pamba, uliotariziwa pindoni alama za mawingu na mvua. Juu yake huja mshipi mweupe wenye matamvua marefu. Yakiyumba, ni mvua inanyesha. Nyuma huning'inia ngozi ya mbweha. Mguu wa kulia, chini ya goti, hufungwa gamba la kobe lenye kwato ndogo zinazogonga kila mguu ukikanyaga. Mkononi, manyanga ya kibuyu. Na mfumaji wa nguo hizi ni mwanamume, kwa desturi.

Si maonyesho ya watalii. Ngoma nyingi za katsina zimefungwa kwa wageni. Ukikaribishwa, usipige picha, usirekodi, wala usichore. Baada ya Niman, ngoma ya kuwaaga, mwezi Julai, katsina hurudi kwao, milima ya San Francisco, hukohuko Arizona.