Enzi za kalikiti na mabega ya sponji

Picha za miaka ya themanini zikitolewa kabatini, vicheko huanza na nywele. Vijana huzitazama zilivyofura, kisha huuliza mlikuwa mnawaza nini nyie. Mimi ni msusi, na kazi hii niliijua wakati harufu ya dawa ya kalikiti, ule mtindo wa kuzipa nywele za kipilipili mawimbi, ilikuwa haitoki saluni hata ukifungua madirisha yote. Jibu langu ni kwamba tulikuwa tunawaza uwiano. Mabega ya koti yalikuwa mapana, kiuno kimekazwa na mkanda mpana, na suruali inazidi kuwa nyembamba inavyoshuka kwenye kifundo cha mguu. Mtu mzima alikuwa pembetatu iliyosimamia ncha yake. Sasa chukua umbo hilo, uliwekee juu kichwa chenye nywele zilizolala: mvaaji ataonekana kaazima koti la kaka yake. Nywele zilibidi zikue ili kichwa kisimezwe na nguo. Fundi cherehani na msusi walikuwa wanajenga kitu kimoja, hata kama hawakuwahi kuonana.

Mabega ndiyo yaliyotangulia. Tena hayakuwa mageni: mbunifu Elsa Schiaparelli aliyapanua kule Paris tangu miaka ya 1930, na Hollywood mbunifu Adrian akamvika nayo mwigizaji Joan Crawford mpaka yakawa alama yake. Yaliporudi, wabunifu Thierry Mugler na Claude Montana waliyavuta hadi mwisho wa mwisho jukwaani, na Nolan Miller akayaingiza sebuleni kwa watu kupitia mavazi ya tamthilia ya Dynasty, iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 1981.

Ndani ya bega lile hamkuwa na siri yoyote, ni kipande cha sponji kilichokatwa nusu mwezi. Mara nyingi kilishikizwa kwa velkro ili kibanduliwe wakati wa kufua. Aliyesahau kukibandua alikikuta kimejikunja, na kuanzia hapo bega moja likawa juu ya jenzake mpaka nguo inachakaa. Kulikuwa pia na tatizo la kurundikana: blauzi ina sponji zake, sweta lina zake, koti lina zake. Ukivaa vyote vitatu, mabega yanaanza kusalimiana na hereni. Waliojua kuvaa walizibandua za ndani wakaacha za koti peke yake.

Wengi watabisha, lakini nashikilia kwamba koti lile liliwapendeza watu wa maumbo mengi kuliko nguo yoyote iliyolifuata. Bega likitanuka, kiuno huonekana chembamba bila kubanwa, na kitambaa huteremka moja kwa moja bila kung'ang'ania tumbo wala nyonga. Lilisitiri, na wakati huohuo likampa mtu haiba.

Sasa nije kwenye kalikiti, ambayo ndiyo kipenzi changu.

Mtindo wenyewe ulipata umaarufu kwa jina la Jheri Redding, mtaalamu wa nywele kutoka Illinois aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya Redken mwaka 1960. Lakini kazi ya kuufanya ufae nywele za kipilipili ina majina mengine. Willie Morrow, kinyozi na mvumbuzi wa San Diego, alitoa dawa aliyoiita California Curl mwaka 1977. Kisha Comer Cottrell na kampuni yake ya Pro-Line wakaweka kila kinachohitajika ndani ya kisanduku kimoja cha kutumia nyumbani, kikauzwa dola 8, wakati saluni za Marekani zilikuwa zinaweza kutoza dola 200 na zaidi kwa kichwa kimoja. Hiyo ilikuwa mwaka 1980. Kisanduku hicho kiliingiza fedha nyingi kiasi kwamba mwaka 1989 Cottrell alikuwa miongoni mwa wawekezaji walioinunua timu ya besiboli ya Texas Rangers, pamoja na George W. Bush. Huwa napenda kuwakumbusha hilo wanaodhani nywele ni mambo ya mchezo.

Ukitaka kuielewa kalikiti, anzia ndani ya unywele. Unywele ni protini iitwayo keratini, na nyuzi zake za ndani zimefungamana kwa viungo vya salfa. Viungo hivyo vina sehemu kubwa katika kuamua unywele uwe mnyoofu, wa mawimbi au wa kipilipili. Maji hayavigusi, na joto la pasi huacha vilivyo, ndiyo maana nywele zilizopigwa pasi hurudi zilivyokuwa mara tu zikinyeshewa. Dawa ya kalikiti, ambayo kiini chake ni amoniamu thioglikoleti, yenyewe huvikata.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza unapaka krimu na kuilaza taratibu kwa mgongo wa kitana mpaka kipilipili chenyewe kilegee na nywele zinyooke. Ndiyo, unazinyoosha kwanza ili upate kuzikunja. Unasuuza, unagawa kichwa mafungu, halafu unaanza kusokota kila kifungu kidogo kwenye rola, ncha zikiwa zimefunikwa karatasi nyembamba zisivunjike. Hapo ndipo fundi alipojulikana. Nywele zikiwa na dawa huvutika, na mkono mzito huzikata papo hapo bila mwenyewe kusikia maumivu. Rola zote zilitakiwa zikazwe sawasawa, za kisogoni kama za kwenye paji, la sivyo kichwa kingetoka na mawimbi upande mmoja na vishungi upande wa pili.

Baada ya hapo unaongeza dawa nyepesi juu ya rola na kusubiri, huku ukipima. Kupima ni kufungua rola moja mizunguko miwili, kisha kuusukuma unywele kidogo kuelekea kichwani. Ukijikunja wenyewe ukafanya umbo la S lililo wazi, umeiva. Ukilala, bado. Hapo unasuuza rola zikiwa kichwani na kumwagia nyutralaiza, ambayo huviunganisha upya vile viungo vya salfa vikiwa katika umbo la rola. Hatua hii ndiyo iliyowashinda wengi wa nyumbani. Mtu keshachoka, shingo inamuuma, anaona rola zimekaa vizuri, anazifungua kabla nyutralaiza haijamaliza kazi. Wiki ya pili mawimbi yameanguka, naye analaumu dawa.

Na ule mng'aro uliokuwa ukidondoka? Thioglikoleti huuacha unywele ukiwa na vinyweleo wazi, unakunywa maji haraka na kuyapoteza haraka vilevile. Kalikiti kavu ilikuwa kavu kweli, hukatika ukiigusa. Kwa hiyo kila asubuhi ilipuliziwa aktiveta, ambayo ndani yake kuna gliserini, na gliserini tabia yake ni kuvuta unyevu hewani na kuushikilia. Nywele zikabaki mbichi kutwa nzima, na kola nazo zikabaki na alama. Usiku mtu alivaa kofia ya plastiki ili foronya ipone, na viti vya kochi vilivyoegemewa na wageni vilijulikana kwa doa. Filamu za vichekesho za Marekani zilishalitania doa hilo kabla muongo haujaisha. Lakini niwaambie, mtu aliyetoka kuoshwa na kupuliziwa, mawimbi yakicheza begani anapogeuza shingo, alikuwa anapendeza. Hakuna aliyebeba adha yote ile bure.

Jambo moja lilivunja mioyo mingi: kalikiti haikai juu ya nywele zilizokwisha kunyooshwa kwa dawa ya sodiamu haidroksaidi. Dawa hiyo hubadilisha vile viungo vya salfa kuwa vya aina nyingine, ambavyo thioglikoleti haiwezi kuvifungua tena ikavifunga. Ukizikutanisha, nywele zinabaki mkononi. Hakuna msusi wa enzi zile asiyejua kesi ya namna hiyo, na karibu kila mara chanzo ni mteja aliyeficha kwamba aliweka dawa miezi michache nyuma.

Wenye nywele laini walikuwa na vita vyao vya kinyume, yaani kuzipa ujazo nywele zinazotaka kulala. Kemia yao ilikuwa ileile. Karl Nessler alianzisha mawimbi ya kudumu London mwaka 1906 kwa mashine ya joto na rola za shaba zilizoning'inizwa juu ya kichwa, na mwaka 1938 Arnold Willatt akapata namna ya kuyafanya bila joto. Miaka ya themanini ilichofanya ni kutumia rola nyembamba zaidi na nyingi zaidi, kisha kuongeza juu yake kuchana kinyume. Unashika kifungu cha nywele wima, unakichana kutoka kwenye ncha kurudi kwenye ngozi kwa mapigo mafupi. Gome la unywele lina magamba yanayoelekea kwenye ncha, kwa hiyo ukichana kinyume yananyanyuka na kunasana, na pale kwenye shina unapata mto mdogo unaoshikilia vyote vilivyo juu yake. Unafunika kwa nywele chache laini, unapulizia spreyi, basi. Spreyi ni gundi iliyoyeyushwa kwenye alkoholi. Alkoholi ikiruka, gundi inabaki pale nywele zinapopishana. Kulijenga umbo hilo ilikuwa dakika chache, na kulifumua usiku ndiko kulikong'oa nywele za watu.

Spreyi hiyo imelaumiwa sana kwa tundu la ozoni, ambalo wanasayansi wa Uingereza walilitangaza mwaka 1985. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Marekani ilikuwa imeshapiga marufuku gesi za klorofluorokaboni, zile zinazoila ozoni, kwenye makopo mengi ya kupulizia tangu 1978, kwa hiyo vichwa vikubwa vya Texas vya mwaka 1985 vilipuliziwa kwa gesi kama butani na propani. Nchi nyingine ziliendelea na klorofluorokaboni mpaka Mkataba wa Montreal wa 1987 ulipoanza kuzibana. Butani nayo haina urafiki na kiberiti, na wavuta sigara wa enzi zile walikuwa na bahati kuliko wanavyojua.

Kwa ufundi mtupu, bila kemia, nampa nafasi ya kwanza kinyozi wa panki, zile nywele zilizokatwa bapa juu na kupandishwa ubavuni. Grace Jones alikuwa nazo kwenye jalada la albamu yake ya 1981, pembe zimenyooka utadhani zimepigwa rula, na mabega ya koti lake yakizirudia pembe hizo hizo. Ile picha ndiyo somo zima la uwiano nililoanza nalo. Nywele za kipilipili husimama zenyewe, hazihitaji spreyi, ila hazisamehi: kosa la nusu sentimita upande mmoja linaonekana ng'ambo ya barabara. Mtindo wa fupi mbele na ndefu kisogoni siuzungumzii sana, haukuwahi kunivutia.

Jinzi za madoa meupe zina hadithi inayofanana na ya nywele. Rangi ya indigo hukaa nje ya uzi tu, ndani uzi ni mweupe. Viwanda vililoweka mawe ya volkano kwenye dawa ya kung'arisha, vikayazungusha na jinzi kavu kwenye mashine, na kila jiwe lilipogusa rangi ikaondoka. Soksi za sufu zisizo na nyayo zilitoka kwa wacheza dansi, zikafaa mazoezini, na mtaani hazikuwa na kazi yoyote. Tulizivaa hata hivyo.

Siku hizi wateja wananiletea picha za wazazi wao wakitaka kufanana nazo. Swali langu la kwanza ni lilelile la zamani, umeweka dawa gani na lini, na hata nikijibiwa vizuri bado nakata kishungi cha kisogoni nikijaribu kwanza. Kama ni kwa sherehe ya usiku mmoja, simgusi kwa thioglikoleti kabisa. Nasokota nywele mbichi kwenye rola nyembamba kwa losheni ya kushikilia, naweka chini ya draya mpaka zikauke hadi ndani, nafungua kwa vidole vyenye mafuta, napulizia gliserini iliyochanganywa na maji kidogo tu. Umbali wa hatua tatu hutofautishi. Kitambaa cheusi begani namwambia avae, kwa ajili ya kola.