Chama cha Wakuu wa Shule ni Nini, na Kinamtetea Nani?

Muulize mwalimu wa darasani atakimbilia wapi akisimamishwa kazi bila kusikilizwa, atakujibu papo hapo: chama cha walimu. Muulize mkuu wake wa shule swali hilohilo, utaona anasita. Huenda barua ya kumsimamisha mwalimu yule aliiandika yeye. Na kesho barua ya namna hiyohiyo inaweza kumshukia yeye kutoka ofisi ya elimu.

Mkuu wa shule ya umma ni mwajiriwa na papo hapo ni mkono wa mwajiri. Mshahara wake unatoka serikalini kama wa walimu wenzake, na nyaraka za wizara zinamchosha kama wao. Lakini yeye ndiye anayepanga vipindi, anayewapima walimu kazi, anayesaini hundi na anayesimama mbele ya wakaguzi hesabu zisipokaa sawa. Chama cha walimu kikiitisha mgomo, wazazi na wizara wote wanamtazama yeye. Vyama vya kitaaluma vya viongozi wa shule vilizaliwa kwa ajili ya mtu huyu aliyeko katikati, na ukilisahau hilo hutaelewa kwa nini vinasema vinavyosema, wala kwa nini wakati mwingine vinanyamaza.

Kwa maana ya jumla, chama cha kitaaluma ni umoja wa hiari wa watu wa kazi moja. Wanajiwekea viwango, wanafundishana, wanasaidiana mmoja wao akikwama, na wanazungumza kwa sauti moja mbele ya wenye mamlaka. Katika shule za umma wanachama ni wakuu wa shule na manaibu wao, na katika nchi nyingine hata wasimamizi wa elimu wa wilaya. Marekani wamejigawa kwa ngazi: AASA, chama cha wakuu wa elimu wa wilaya, kina mizizi ya mwaka 1865, NASSP cha wakuu wa sekondari kilianza 1916, NAESP cha shule za msingi kikafuata 1921. Uingereza ina NAHT, kilichoanzishwa 1897, pamoja na ASCL ambacho wengi wa wanachama wake ni viongozi wa sekondari. Kenya ina KEPSHA kwa msingi na KESSHA kwa sekondari, Tanzania ina TAHOSSA kwa wakuu wa sekondari. Tangu 1990 upo pia mwavuli wa kimataifa, ICP, unaokutanisha vyama vya nchi mbalimbali.

Watu wengi huchanganya chama cha kitaaluma na chama cha wafanyakazi, na hawana kosa kubwa. Chama cha wafanyakazi kinatambuliwa na sheria kukaa mezani na mwajiri, kujadili mishahara, kutia saini mkataba wa hali bora na kuitisha mgomo mambo yakishindikana. Chama cha kitaaluma mara nyingi hakina nguvu hiyo. Silaha yake ni hoja, ujuzi na heshima. Tatizo ni kwamba mpaka huu hauko mahali pamoja duniani. NAHT na ASCL ni vyama vya wafanyakazi kisheria na vinafanya kazi za kitaaluma vilevile. Marekani, kando ya vile vitatu nilivyovitaja, kipo AFSA, chama cha wafanyakazi cha wasimamizi wa shule kilichomo ndani ya AFL-CIO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la nchi hiyo. Kwa hiyo jina la chama halikuambii kitu. Soma katiba yake.

Wakuu na walimu hawakutengana tangu mwanzo. Huko Marekani walikaa nyumba moja kwa miongo mingi, chini ya NEA, chama cha kitaifa cha watu wa elimu, na tena walioishika nyumba hiyo walikuwa wasimamizi zaidi kuliko walimu. Kilichowatenganisha ni meza ya majadiliano. Mwaka 1959 jimbo la Wisconsin lilipitisha sheria ya kwanza ya jimbo kuwapa watumishi wa umma haki ya kujadiliana na waajiri wao. 1962 walimu wa jiji la New York wakagoma. Meza ikishawekwa lazima ijulikane nani anakaa upande upi, na mkuu wa shule hakuweza kukaa pande zote mbili. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 vyama vikubwa vya wasimamizi vilikuwa vimejiondoa NEA na kusimama peke yao.

Ontario, Kanada, utengano huo haukuwa wa hiari. Mwaka 1997 serikali ya jimbo ilileta muswada namba 160 wa kubadili uendeshaji wa shule. Walimu walitoka madarasani kwa wiki mbili kuupinga, na wakuu wengi wa shule wakatoka nao. Sheria ilipopita, wakuu na makamu wao waliondolewa katika mashirikisho ya walimu. Watu waliokuwa na chama, mkataba na wanasheria wakajikuta hawana hata kimoja, ilhali shule bado ni zao kuziendesha. Mwaka 1998 wakaanzisha Ontario Principals' Council, chama chao cha hiari, kuwapa ulinzi wa kisheria, mafunzo na sauti. Kwangu mimi mfano huu unaeleza dhana nzima kuliko fasili yoyote: kwa wakuu wale, chama kilikuwa paa la kujengwa upya baada ya kutolewa nyumbani.

Kiswahili kina neno moja, kutetea, kwa mambo mawili ambayo vyama hivi hufanya. Unaweza kumtetea mtu, na unaweza kutetea jambo. Wenye semina wameipa ile ya pili jina la uchechemuzi, neno ambalo mpaka leo linanifanya nimwone mtu anayechechemea, lakini maana yake inaeleweka: kusukuma sera au sheria ibadilike. Wanachama wengi hujiunga kwa ajili ya utetezi wa kwanza na kulalamika kwamba ada zao zinaliwa na wa pili.

Tuanze na kumtetea mtu. Mkuu anapokea barua ya tuhuma: matokeo yameshuka, mzazi amelalamika, fedha za ukarabati hazionekani. Anapiga simu chamani. Ushauri wa kwanza huwa wa kawaida kabisa, tena ndio unaookoa wengi: usijibu barua hiyo ukiwa na hasira, usifute ujumbe wowote, kusanya kumbukumbu za vikao na risiti. Kisha ofisa wa chama husoma kanuni za utumishi ili aone kama utaratibu ulifuatwa, kwa sababu kesi nyingi za kazi huanguka au kusimama kwenye utaratibu kabla hata ya kufika kwenye ukweli wa tuhuma. Siku ya kusikilizwa, mtu wa chama hukaa kando yake. Mambo yakienda mahakamani, chama huweza kulipia wakili.

Lakini ulinzi huo una masharti, na inashangaza jinsi wanachama wasivyoyasoma. Kwa kawaida shauri lazima litokane na kazi yake rasmi; ugomvi wa shamba la nyumbani haumo. Lazima awe alijiunga kabla ya tatizo, maana chama hakiwezi kuwa kama mtu anayeuza bima wakati nyumba inaungua. Na aliyeiba fedha za shule au kumdhuru mtoto asitegemee chama kisafishe tendo lake. Kikubwa anachoweza kupata ni mtu wa kuhakikisha anasikilizwa kwa haki.

Gumu kuliko yote ni pale naibu anapomshtaki mkuu wake, na wote wawili wanalipa ada chama kimoja. Chama makini huwapa maofisa wawili tofauti, wasiosomeana mafaili. Chama kidogo chenye katibu mmoja hakina namna ya kufanya hivyo, na hapo mwenye cheo kikubwa, ambaye pengine hukaa meza moja na viongozi wa chama kwenye mkutano mkuu, ndiye anayesikika kwanza. Manaibu wanalijua hili. Ndiyo maana wengine husita kujiunga.

Kutetea jambo ni kazi ya polepole, na haina kelele kama watu wanavyodhani. Chukua fedha za mafunzo Marekani. Sheria ya shirikisho ya elimu ina fungu la kuwaendeleza walimu na viongozi wa shule, na malalamiko ya vyama vya wakuu yalikuwa kwamba kwenye fungu hilo la pamoja viongozi huambulia makombo. Vyama vilikuwa na hoja ya kitafiti mkononi: mapitio ya tafiti yaliyofadhiliwa na taasisi ya hisani ya Wallace Foundation na kutolewa 2004 yalisema kwamba, kati ya mambo ya ndani ya shule yanayoathiri ujifunzaji wa wanafunzi, uongozi ni wa pili tu baada ya ufundishaji darasani. Sentensi hiyo imenukuliwa mbele ya wabunge kuliko shairi lolote. Sheria mpya, ESSA, iliposainiwa tarehe 10 Desemba 2015, ilikuwa na kifungu kinachoruhusu jimbo kutenga hadi asilimia 3 ya fedha za fungu hilo zinazokwenda wilayani, zitumike kwa ajili ya viongozi wa shule.

Angalia neno lililotumika: linaruhusu. Halilazimishi. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ya Washington ilihamia kwenye miji mikuu ya majimbo, na vyama vya majimbo vilipaswa kwenda kumshawishi kila ofisa aitumie ruhusa hiyo. Hayo ndiyo maisha ya utetezi wa sera: neno moja ndani ya kifungu, halafu miaka ya kulifuatilia.

Uingereza palikuwa na sura nyingine. Ofsted, idara ya ukaguzi, kwa miaka ilikuwa inaipa kila shule alama moja ya jumla kati ya nne, kutoka bora sana hadi isiyoridhisha. NAHT na ASCL walilalamika kwamba neno moja haliwezi kubeba shule nzima na kwamba linavunja watu. Hawakusikilizwa sana. Januari 2023 mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi alijiua akisubiri ripoti iliyokuwa ikiishusha shule yake, na Desemba mwaka huo ofisa mchunguzi wa vifo alitamka kwamba ukaguzi ulichangia kifo chake. Septemba 2024 serikali iliondoa alama hiyo ya jumla kwa shule za umma. Familia yake ndiyo iliyobeba mzigo mzito wa kampeni, na ni haki isemwe hivyo. Mchango wa vyama ulikuwa kwamba mlango ulipofunguka, hoja na mapendekezo yalikuwa tayari mezani. Inauma kwamba mlango ulihitaji kifo.

Australia walichagua kuhesabu. Tangu 2011 umekuwapo utafiti wa kila mwaka kuhusu afya na ustawi wa wakuu wa shule, unaouliza habari za saa za kazi, usingizi, vitisho na kushambuliwa. Mkuu mmoja akisema amechoka, ataambiwa avumilie. Maelfu wakijaza dodoso lilelile mwaka baada ya mwaka, waziri anakosa pa kujificha.

Kazi ya mafunzo na viwango nitaipitia haraka kwa kuwa ndiyo inayotangazwa zaidi: mikutano ya mwaka, kozi za wakuu wapya, na mkuu mzoefu kumshika mkono mgeni wa kazi. Vyama vya Marekani vilishiriki kutunga viwango vya taifa vya viongozi wa elimu vilivyotolewa 2015, vikirithi vile vya 1996. Viwango hivyo vina faida ya utetezi pia: ukishaandika kazi ya mkuu ni ipi, unaweza kuonyesha kazi gani amebebeshwa isiyo yake.

Sasa upande usiopendeza. Mkutano mkuu wa mwaka unahitaji fedha, na wafadhili wake mara nyingi ni watu wanaoziuzia shule vitabu, sare, programu za kompyuta na bima. Mkuu anayekula chakula cha mchana kilicholipiwa na mchapishaji ndiye atakayesaini oda ya vitabu muhula ujao. Kuna pia suala la ada: inatoka mfukoni mwa mkuu au kwenye akaunti ya shule? Ikitoka kwenye akaunti ya shule, basi mlipakodi anagharimia ushawishi ambao pengine haukubali. Texas wabunge wamelibishania suala la fedha za umma kutumika kushawishi bunge kwa miaka kadhaa, na hoja zina uzito pande zote mbili.

La mwisho ni uhuru wa kusema. Mwenyekiti wa chama ambaye bado ni mkuu wa shule anaweza kuikosoa wizara Ijumaa na kupata barua ya uhamisho Jumatatu. Vyama vyenye uwezo huliepuka hili kwa kuwa na katibu mkuu wa muda wote, anayelipwa na chama na asiye na bosi serikalini. NAHT na ASCL hufanya hivyo, na makatibu wao huonekana kwenye televisheni wakimpinga waziri bila kuwaza kituo cha kazi. Visivyo na uwezo huo hujifunza lugha ya kuomba: tunaiomba wizara iharakishe fedha, tunaipongeza serikali kwa jitihada, hata hivyo changamoto bado zipo. Msomaji wa magazeti huiona lugha hiyo kuwa woga. Wizara, kwa upande wake, imeshazoea kusoma kinachofuata baada ya “hata hivyo”.