Methadoni si dawa ya kokeini: kinachotokea ubongoni

Kila inapokaribia Juni 26, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, foleni kwenye dirisha letu la methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, hurefuka. Safari hii wamekuja wazazi wengi wenye vijana wanaotumia kokeini, na ombi lao ni moja: "Daktari, mpe na huyu kile kikombe."

Nalijibu hapa kwa wote. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya watumiaji wa heroini na jamaa zake wa afyuni. Hukaa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe, vilevile vinavyotafutwa na heroini. Kokeini hupita njia nyingine kabisa. Kumpa methadoni kijana wa kokeini tu ni kumbebesha uraibu wa pili, na hatutafanya hivyo hata mzazi akilia.

Njia yenyewe ni dopamini, kemikali ya ubongo inayobeba ujumbe wa raha. Ukila ukiwa na njaa, au mwanao akikukimbilia mlangoni, seli za ubongo hutoa dopamini kidogo, ujumbe ukafika, kisha vipitishio maalumu huizoa na kuirudisha ilikotoka. Kokeini huviziba vipitishio hivyo. Dopamini hukosa pa kurudi, ikajaa. Raha ya unga uliovutwa puani huisha ndani ya nusu saa hivi, ya moshi dakika tano hadi kumi, ndiyo maana mtu hurudia usiku kucha. Ubongo hujihami kwa kupunguza vipokezi vya dopamini, na hapo ndipo chakula hukosa ladha na mtoto anayekimbia mlangoni hasisimui tena. Picha za ubongo huonyesha pia kwamba sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayotuambia "acha", hudhoofika na tishu yake ya kijivu hupungua. Mnapomwambia "jikaze", mnaituma kazi sehemu ileile iliyoumia. Kupona kwake huhesabiwa kwa miezi.

Wengine husema, "Huyu hatapiki, hana arosto, basi si teja." Jamani! Arosto ya kokeini, yaani mateso ya kuikosa, si ya kutapika na kuharisha. Ni kulala siku mbili tatu, njaa kali, na huzuni inayoweza kumfikisha mtu kwenye mawazo ya kujiua. Msimwache peke yake siku hizo.

Kijana mmoja alikaa miezi minne bila kugusa. Familia ikafurahi, akarudi kazini, akalipwa taslimu. Alinisimulia kwamba aliposhika noti mpya ya elfu kumi, vidole vyake vilianza kuiviringisha kuwa mrija kabla hajawaza lolote. Ubongo ulikuwa umeishona noti na unga pamoja. Sasa mshahara wake unapitia kwenye simu ya dada yake, na anakuja kwenye ushauri nasaha kila wiki. Hayo ndiyo matibabu tuliyonayo, kwani mpaka sasa hakuna kidonge kilichoidhinishwa kutibu uraibu wa kokeini.

Kwa wazazi wanaosema kijana wao "amelogwa": mwaka 2012 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walilinganisha waraibu 50 wa kokeini na vichangamshi vingine na ndugu zao wa damu wasio waraibu. Ndugu hao nao walikuwa na tofauti zinazofanana katika mifumo ya ubongo ya kujizuia. Wapo wanaozaliwa na breki dhaifu, ingawa si wote huangukia kwenye uraibu.

Utaratibu: mgonjwa aje na kitambulisho na ndugu mmoja. Atasajiliwa, atatoa mkojo chini ya uangalizi (kokeini huonekana kwa siku mbili hadi nne), atapimwa presha, moyo, VVU, kifua kikuu na homa ya ini, kisha atapangiwa mshauri. Na sheria ya Tanzania ya dawa za kulevya, Sura ya 95, inasema: kusafirisha au kuuza kokeini inayozidi gramu 200 ni kifungo cha maisha, kuanzia gramu 200 kushuka, miaka 30. Mwenye nyumba anayeruhusu itumike humo, huku akijua, naye ana kosa.

Mwisho, pombe. Ikikutana na kokeini, ini hutengeneza kokaethilini, ambayo ni hatari zaidi kwa moyo. Kijana akibanwa kifua au mdomo ukipinda upande, mkimbizeni hospitali na mtaje alichotumia, kwa sababu zipo dawa za kawaida za moyo ambazo kwake zinaweza kuzidisha kubana kwa mishipa.