Kinga ya Mwili Inapovigeukia Visiwa vya Kongosho

Mzazi wa hapa Lamu anapoambiwa kuwa mwanawe ana kisukari aina ya 1, mara nyingi huuliza kama ni halua au chai ya sukari nyingi iliyomtia mtoto maradhini. Sivyo, na ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi, kwa kuwa maradhi haya hutokana na kinga ya mwili yenyewe.

Ndani ya kongosho mna mafungu madogo ya seli yaliyotawanyika, ambayo Paul Langerhans aliyaeleza mwaka 1869 na ambayo hadi leo huitwa visiwa vya Langerhans. Sisi tunaoishi baina ya Lamu, Manda na Pate twaielewa taswira hiyo bila kufafanuliwa. Humo zimo seli beta, zinazotengeneza insulini, homoni inayoitoa sukari damuni na kuiingiza katika seli za mwili. Kwa watu waliorithi jeni fulani, seli nyeupe za damu za aina ya T huzidhania seli beta kuwa adui na kuziangamiza polepole, pengine kwa miaka, bila mtoto kuhisi lolote.

Mashambulizi hayo huacha alama damuni, nazo ni kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza kumlenga inayemdhania adui: dhidi ya insulini, dhidi ya protini ziitwazo GAD na IA-2, na dhidi ya protini inayosafirisha zinki ndani ya seli beta. Nasisitiza kwamba kingamwili hizi ni mashahidi kuliko wauaji. Idadi ya aina zake ndiyo yenye uzito. Mwenye aina moja tu huenda asiugue kamwe, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowafuatilia watoto wa Marekani, Ufini na Ujerumani, ulionyesha kuwa takriban 70 kati ya kila 100 wenye aina mbili au zaidi waliugua ndani ya miaka 10.

Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, dawa inayozituliza seli T na kuchelewesha dalili kwa takriban miaka miwili, ikiwa sukari imeanza kuyumba lakini kiu, kukojoa sana na kukonda bado havijaonekana.

Dalili hizo zikishaonekana, mtoto apimwe sukari siku hiyo hiyo kwa tone la damu la kidoleni, hata kama anashukiwa kuwa na malaria. Akianza kutapika na kuhema kwa nguvu, asidi imeshaanza kujaa damuni, na kwa familia iliyoko Faza au Siyu, kisiwani Pate, kungoja boti ya asubuhi ni kuchelewa.